Miundo ya DAC na jukwaa la sauti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

DAC ni kile kifaa, au ile chipu iliyofichwa ndani ya kifaa, inayogeuza namba za muziki wa kidijitali kuwa umeme ambao amplifaya inaweza kuukuza. Wapenzi wa muziki wanabishana sana kuhusu DAC, na ubishi mwingi unahusu jukwaa la sauti: ipi inalipanua, ipi inalipa kina, ipi inalibana. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi. Mengine nimeyajibu kwa mstari mmoja kwa sababu hayahitaji zaidi ya hapo.

Jukwaa la sauti ni nini hasa?

Keti mbele ya spika mbili zilizopangwa vizuri, weka rekodi nzuri, kisha fumba macho. Baada ya muda mfupi spika zenyewe zinapotea. Mwimbaji anasimama katikati, mahali ambapo hakuna kitu. Gitaa liko kushoto kidogo, matoazi yako nyuma, na mwangwi wa ukumbi unasikika mbali kuliko ukuta wa chumba chako. Huo mpangilio wa nani yuko wapi, pamoja na upana na kina chake, ndio jukwaa la sauti. Chumbani haupo. Ubongo wako ndio unaoujenga kutokana na mawimbi yanayofika kwenye masikio mawili.

Ubongo unajuaje kwamba gitaa liko kushoto?

Kwa kulinganisha sikio na sikio. Sauti inayotoka kushoto hulifikia sikio la kushoto mapema zaidi na kwa nguvu zaidi. Mwaka 1907 mwanafizikia Lord Rayleigh alieleza kwamba kwa sauti nzito tunategemea zaidi tofauti ya muda, na kwa sauti nyembamba tofauti ya nguvu, kwa kuwa kichwa huzikinga sauti nyembamba zisilifikie sikio la upande wa pili. Tofauti kubwa kabisa ya muda ni kama milisekunde 0.7, basi. Na bado msikilizaji makini anaweza kutambua tofauti ya maikrosekunde 10 hivi.

Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein alilitumia jambo hilo alipoomba hataza yake ya stereo mwishoni mwa mwaka 1931. Alionyesha kwamba spika mbili zikipewa ishara zenye tofauti iliyopimwa vizuri, msikilizaji atasikia chanzo cha sauti mahali popote kati yake.

Shika jambo moja hapa, kwa sababu majibu mengi ya chini yanalitegemea: mahali pa ala hupangwa na *tofauti* kati ya chaneli ya kushoto na ya kulia. Kitu kinachozigusa chaneli zote mbili sawasawa kinaweza kubadili ladha ya sauti, lakini hakiwezi kumhamisha mwimbaji kwenda kushoto au kulia.

Muundo wa ngazi ya rezista na muundo wa delta-sigma vinatofautianaje?

Ngazi ya rezista, ambayo wengi huiandika R-2R, ni njia ya moja kwa moja. Kila biti, yaani kila tarakimu ya 0 au 1 katika namba za muziki, ina swichi yake, na mtandao wa rezista za thamani mbili tu, moja ikiwa maradufu ya nyingine, huhakikisha kwamba kila biti inachangia nusu ya ile iliyo juu yake. Swichi zikifunguka na kufunga, jumla yake ndiyo volti inayotoka. Ukiuona mchoro wake mara ya kwanza unapendeza kwa wepesi wake.

Shida iko kwenye usahihi. Katika DAC ya biti 16, biti kubwa kuliko zote ina uzito wa hatua 32,768 za ile ndogo kuliko zote. Sasa chukulia kwamba rezista ya hiyo biti kubwa imekosea kwa asilimia 0.1, kosa ambalo kwenye redio ya kawaida hakuna atakayelijali. Asilimia 0.1 ya 32,768 ni karibu hatua 33. Yaani biti tano za chini kabisa zimezama ndani ya kosa la rezista moja. Tena katika ngazi ya kawaida biti hiyo kubwa hubadilika kila mara wimbi linapovuka sifuri, na muziki wa chini unaishi hapo hapo karibu na sifuri: mkia wa mwangwi, pumzi ya mwimbaji, nyuzi za piano zinazofifia. Ndiyo maana watengenezaji makini huchagua rezista kwa kuzipima moja moja, au hutumia mpangilio ambao biti kubwa haigeuki kwenye sifuri. Chipu ya Philips TDA1541, iliyotoka mwaka 1985 na bado ina wapenzi wake, ilitumia njia nyingine: vyanzo vya mkondo vilibadilishana zamu bila kukoma ili makosa yao yajisawazishe.

Delta-sigma inaikimbia shida hiyo kabisa. Badala ya hatua 65,536 zilizo sahihi, inatumia hatua chache mno, hata mbili tu, lakini inazigeuza kwa kasi ya mamilioni kwa sekunde. Hatua chache huleta kelele nyingi, kwa hiyo saketi hupangwa kuisukuma kelele hiyo juu, nje ya eneo ambalo sikio linasikia, halafu kichujio kinaiondoa. Chipu nyingi unazokutana nazo leo, kuanzia simu hadi vifaa vya bei kubwa, ni za aina hii au mchanganyiko wake na hatua kadhaa za ziada.

Basi ipi ina jukwaa pana?

Hakuna. Nasema hivyo nikijua kwamba wengi watasikitika.

Jiulize muundo unafanya nini kwenye *tofauti* ya chaneli. Delta-sigma nzuri hutoa chaneli mbili zinazolingana ndani ya sehemu ndogo ya desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti), na kelele yake iko chini sana. Ngazi ya rezista iliyotengenezwa vizuri nayo hulingana. Makosa ya rezista, kwa kweli, hutofautiana kati ya kushoto na kulia, kwa hiyo hapo kwa nadharia kuna mlango wa kugusa jukwaa. Lakini katika kifaa kizuri makosa hayo yako desibeli 80, 90 au zaidi chini ya muziki. Kumsogeza mwimbaji kwa kiasi cha kutambulika kunahitaji tofauti ya karibu desibeli nzima kati ya chaneli.

Na DAC zisizozidisha sampuli, zile zinazoitwa NOS? Watu wanasema zina kina cha ajabu.

Hapa kuna kitu cha kweli, na kinapimika. DAC ya NOS huchukua sampuli, yaani vipimo vya wimbi vilivyohifadhiwa kwa namba, kama zilivyo na kuishikilia kila moja hadi inayofuata ifike, bila kichujio cha kidijitali. Kwa CD, yenye sampuli 44,100 kwa sekunde, ushikiliaji huo hupunguza sauti nyembamba: karibu desibeli 0.75 kwenye 10 kHz (mitetemo 10,000 kwa sekunde) na zaidi kidogo ya desibeli 3 kwenye 20 kHz. Ni kama kuzungusha kitufe cha trebo kidogo kuelekea chini.

Sasa fikiria mtu anayeongea mbali nawe. Hewa na umbali humpunguzia makali ya sauti nyembamba, na ubongo umezoea kusoma upungufu huo kama umbali. Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya kina wanachokisikia wapenzi wa NOS hutoka hapo: matoazi yanalegea, yanarudi nyuma hatua moja, na jukwaa zima linaonekana limesogea nyuma ya spika. Si uchawi wala si ndoto. Kama unaupenda mlio huo, ufurahie, lakini jua kwamba unaweza kuupata kwa kupunguza trebo kidogo bila kununua chochote.

DAC yangu ina vichujio saba kwenye menyu. Nichague kipi?

Kile cha kawaida kilichowekwa na kiwanda, kwa wengi wetu. Vichujio hutofautiana katika mambo mawili: jinsi vinavyokata ghafla juu ya 20 kHz, na kama mtikisiko mdogo wa kichujio hutokea kabla na baada ya mlio au baada yake tu. Mtikisiko wenyewe, kwa muziki wa CD, uko karibu na 22 kHz, mahali ambapo masikio ya watu wazima yameshafunga mlango. Vichujio vinavyokata polepole hupunguza sauti nyembamba kidogo, na hapo unaweza kusikia badiliko. Vyote hutenda sawa kushoto na kulia. Sijawahi kuona kimoja kikihamisha ala.

Je, saa ya nje (kifaa cha pembeni kinachoipa DAC mapigo ya muda) na kupunguza jita kunaboresha jukwaa?

Jita ni kuyumba kwa muda wa sampuli: badala ya kufika kwa mapigo sawa, moja inawahi na nyingine inachelewa. Ikizidi, huongeza kelele na milio ya pembeni ambayo haikuwa kwenye muziki. Katika vifaa vya leo kuyumba huko kwa kawaida ni chini ya nanosekunde 1, muda ambao sauti husafiri chini ya nusu ya maikromita, na majaribio ya usikilizaji yaliyochapishwa yaliweka mpaka wa kutambulika kwenye makumi ya nanosekunde na kuendelea.

Lakini hoja iliyonishawishi mimi ni nyingine. Saa ni moja na inaendesha chaneli zote mbili. Ikichelewa, zinachelewa pamoja. Tofauti kati yake inabaki pale pale, na kwa hiyo mwimbaji naye anabaki pale pale. Ukiwa na DAC ya USB yenye saa yake yenyewe ndani, inayoiagiza kompyuta ilete data kwa mwendo wake, tatizo hili limekwisha.

Kuna historia yoyote ya muundo wa DAC kuvuruga jukwaa?

Ipo, na ni nzuri kwa sababu ina namba. Mashine ya kwanza ya CD sokoni, Sony CDP-101 ya mwaka 1982, ilikuwa na DAC moja tu iliyohudumia chaneli mbili kwa zamu. Matokeo yake chaneli moja ilitoka ikiwa imechelewa kwa maikrosekunde 11 hivi kuliko mwenzake. Hapo sasa tofauti yenyewe imeguswa, na kwa kiwango kinachokaribia uwezo wa sikio. Mashine za awali za Philips zilichukua njia tofauti: chipu za biti 14, lakini kwa kuzidisha kasi ya sampuli mara nne na kuisukuma kelele juu, zikapata usahihi unaokaribia biti 16.

Hata hivyo, pima hizo maikrosekunde 11 kwa rula. Ni milimita 4 za mwendo wa sauti. Ukikaa mbele ya spika zilizokaa kwa pembe ya kawaida na kusogeza kichwa milimita 4 pembeni, umeleta tofauti hiyo hiyo.

Ninunue yenye chipu moja kwa kila chaneli?

Kama sababu ni jukwaa tu, hapana. Wauzaji husema kutenganisha chaneli kunazuia kushoto kuvujia kulia. Ni kweli kunasaidia vipimo. Ila DAC ya kawaida tayari hutenganisha chaneli kwa desibeli 100 au karibu na hapo. Sindano ya santuri hutenganisha kwa desibeli 25 hadi 30 hivi, na hakuna anayesema santuri haina jukwaa. Tena kuna uvujaji mkubwa kuliko wote ambao hakuna chipu itakayouziba: sikio lako la kulia linaisikia spika ya kushoto.

Lakini mimi nilisikia tofauti kwa masikio yangu.

Nakuamini kwamba ulisikia. Mimi pia nilisikia.

Niliwahi kuwa na DAC mbili mezani kwa wiki nzima, moja ya delta-sigma na nyingine ya ngazi ya rezista. Ya pili ilikuwa na jukwaa pana, wazi, mwimbaji akiwa mbele zaidi. Nilikuwa nimeshaamua kuiuza ile ya kwanza. Kabla ya kufanya hivyo nikacheza mlio mmoja wa 200 Hz, nikaweka ncha za multimita (kifaa cha kupimia volti) kwenye vituo vya spika, nikasoma volti 2.00. Nikabadili DAC bila kugusa kitufe cha sauti: volti 2.30. Hiyo ni desibeli 1.2. Ni ndogo mno kuisikia kama “sauti imeongezeka”, lakini inatosha kabisa kuufanya muziki uwe hai zaidi, mwangwi wa chini upande juu ya kimya cha chumba, na jukwaa lifunguke. Niliposawazisha, upana ule uliondoka. Nikarudia jioni tatu mfululizo, na haukurudi.

Tangu siku hiyo silinganishi chochote bila multimita. Nikipewa nafasi ya kumwambia mpenzi wa muziki jambo moja tu, ningemwambia hilo.

Zingatia pia kwamba tundu za XLR (zile kubwa za pini tatu) kwa kawaida hutoa volti 4 na za RCA (zile ndogo za duara) volti 2. Ukihama kutoka RCA kwenda XLR umeongeza desibeli 6 kwa mkupuo. Watu wengi wamesifu jukwaa la nyaya za XLR kwa sababu hiyo.

Nitajaribuje nyumbani kwa haki?

Tumia mlio wa kati ya 100 na 300 Hz, kwa kuwa multimita nyingi za kawaida hukosea kwenye milio ya juu. Cheza kwa sauti ya wastani, pima kwenye vituo vya spika, kisha sawazisha hadi tofauti iwe chini ya desibeli 0.1. Kwenye volti 2, hiyo ni karibu milivolti 23. Halafu mwombe mtu abadilishe vifaa bila wewe kuona na aandike alichofanya kila mara. Rudia mara 16. Ukipatia 12 au zaidi, uwezekano wa kupata matokeo hayo kwa kubahatisha tu ni chini ya asilimia 5, na hapo nitakuwa wa kwanza kutaka kujua umesikia nini. Badilisha haraka, kwa sababu kumbukumbu ya mlio hufifia ndani ya sekunde chache.

Kina cha jukwaa hutoka wapi?

Hutoka kwenye rekodi: uwiano kati ya sauti ya moja kwa moja na mwangwi, muda wa mwangwi wa kwanza kurudi, na kiasi cha sauti nyembamba. Mwimbaji aliyerekodiwa sentimita 10 kutoka kwenye maikrofoni hatasogea nyuma kwa DAC yoyote, ukiacha ile hatua moja ya kupunguza trebo niliyoieleza kwenye NOS. Kazi ya DAC ni kutoipoteza mikia ya mwangwi, ambayo iko desibeli 60 au 80 chini, na hata biti 16 zinaiweza kazi hiyo, zikiwa zimetayarishwa kwa kuongezewa kelele ndogo ya makusudi inayozuia mikia isikatike kwa vipande.

Na urefu? Wengine wanasikia sauti ikipanda juu.

Stereo haina chaneli ya urefu. Sauti nyembamba huwa tunaihisi kama inatoka juu zaidi, na mwangwi wa dari huongeza hisia hiyo.

Sampuli 44,100 kwa sekunde ni maikrosekunde 23 kati ya moja na nyingine. Sikio linatambua 10. Si ina maana CD haitoshi kwa jukwaa?

Swali zuri, na kosa lake linaeleweka. Nafasi kati ya sampuli si kipimo cha muda ambao mfumo unaweza kuubeba. Wimbi likichelewa kwa maikrosekunde 5, thamani za sampuli zote hubadilika kidogo, na DAC inapoliunda upya hulitoa likiwa limechelewa kwa maikrosekunde 5 zile zile. Usahihi wa muda unategemea pia idadi ya biti, na kwa CD ni mdogo kuliko maikrosekunde 1 kwa mbali sana. Faili za 96 kHz au 192 kHz zina faida zake studioni. Jukwaa si mojawapo.

Chipu ya kampuni hii ina jukwaa laini, ya kampuni ile jukwaa kali. Kweli?

Oktoba 2020 kiwanda cha chipu za AKM kilichoko Nobeoka, Japani, kiliungua, na watengenezaji wengi wa DAC wakalazimika kuunda upya vifaa vyao kwa chipu za kampuni nyingine. Hapo ndipo watu wengi walipotambua kwamba chipu ni sehemu moja tu. Usambazaji wa umeme, saketi ya kutoa, kichujio kilichochaguliwa na kiwango cha volti vyote vilibadilika pamoja nayo. Sifa ya “mlio wa chipu” naiona imepewa uzito mara kumi kuliko inavyostahili.

Je, DAC inaweza kuharibu jukwaa kabisa?

Ndiyo, ikiwa na kasoro. Rafiki yangu aliwahi kulalamika kwamba mwimbaji hakai katikati. Alikuwa amehamisha spika, amehamisha kochi, amepima umbali kwa kamba. Tukacheza mlio mmoja kwenye chaneli zote mbili na kupima moja moja kwenye DAC: kushoto kulikuwa juu kwa desibeli 0.9. Kifaa kilibadilishwa kwa udhamini, na mwimbaji akarudi mahali pake. Kasoro hiyo ni ya kweli, inapimika kwa dakika mbili, na matangazo hayaizungumzii.

Nyingine ni nguzo (chanya na hasi) kugeuzwa kwenye chaneli moja, mara nyingi kwa waya wa spika uliofungwa kinyume. Besi hupungua na sauti husambaa chumba kizima bila kuwa na mahali. Wapo wanaoipenda wakidhani ni upana. Cheza rekodi ya mono, yaani yenye sauti ile ile kwenye chaneli zote mbili: inatakiwa kuwa nukta nyembamba katikati. Ikisambaa, kagua nyaya.

Hedifoni je?

Jukwaa lake huwa ndani ya kichwa kwa sababu sikio la kulia haliisikii chaneli ya kushoto hata kidogo. Programu inayochanganya chaneli kidogo na kuzichelewesha hufanya kazi kubwa kuliko DAC yoyote mpya.

Kama si DAC, basi nianzie wapi?

Anza na futi ya kupimia. Spika mbili na kichwa chako vifanye pembetatu yenye pande sawa. Pima kutoka kila spika hadi mahali pa kichwa: tofauti ya sentimita 3 tu ni karibu maikrosekunde 90, mara nane ya ile ya mashine ya mwaka 1982. Kisha zitoe spika ukutani kadiri chumba kinavyoruhusu. Mimi huwa nazisogeza kwa sentimita 5 kila mara, nikisikiliza sauti ile ile ya mtu akiongea, hadi inapoacha kutoka kwenye maboksi na kusimama yenyewe hewani. Baada ya hapo shughulikia mwangwi wa kuta za pembeni: mtu atelezeshe kioo ukutani wakati wewe umekaa, na pale unapoiona spika ndani ya kioo, weka pazia zito au rafu ya vitabu. Zulia sakafuni kati yako na spika. Zungusha spika zikutazame zaidi au kidogo hadi mwimbaji wa mono awe mwembamba kuliko upana wa uso wa mtu.

Ukimaliza, piga alama za mkanda sakafuni kwenye miguu ya spika, ili anayefanya usafi akizisogeza uweze kuzirudisha.